Mwenye Sababu: Gari Linalokula Mafuta na Swali la Lawama

Katika tawi la falsafa linalochunguza sababu na matokeo, yaani lile linaloulizia ni kwa haki gani binadamu husema kwamba jambo fulani limeletwa na jingine, mifano ya vitabuni ni michache na ya kale: pamba inayoungua inapoguswa na moto, mpira wa biliadi unaougonga mwenzake, jiwe linalovunja dirisha. Gari linaloanza kula mafuta mengi kuliko ilivyokuwa linastahili kuingizwa katika orodha hiyo, hasa gari la Kitengela, mji wa Kaunti ya Kajiado ulio kando ya barabara ya Namanga, ambao wakazi wake wengi hulala huko na kwenda kutafuta riziki Nairobi. Mfano huu una sifa isiyopatikana katika pamba na moto, nayo ni kwamba karibu kila sababu inayoweza kutajwa ina mwenyewe. Plagi zilizochakaa ni za fundi aliyedai kuzibadilisha, mafuta yaliyochanganywa ni ya mwenye kituo, mafuta yaliyofyonzwa usiku ni ya dereva au ya bawabu, na mguu mzito ni wa anayeukanyagia. Kwa hiyo anayetaja sababu humtaja mtu, hata asipokusudia, na swali la elimu hugeuka kuwa swali la haki kabla boneti haijafunguliwa.

Ni lazima kwanza tokeo lenyewe lithibitishwe, kwa kuwa anayelalamika kwamba gari limezidisha amekwisha kudai kwamba anaijua kawaida yake, na mara nyingi haijui. Madereva wengi wa Kenya hawanunui lita bali hununua shilingi: mhudumu wa pampu huambiwa atie mafuta ya mia tano au ya elfu moja, na kinachobaki kichwani ni hesabu ya fedha na siku, si ya lita na kilomita. Kipimo cha namna hiyo huweza kubadilika pasipo gari kubadilika hata kidogo. Bei ya juu ya petroli ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, huitangaza katikati ya kila mwezi, ilikuwa shilingi 83.33 kwa lita jijini Nairobi kuanzia Mei 2020, na ilifika shilingi 217.36 katika tangazo la Oktoba 2023, miezi mitatu baada ya ushuru wa VAT kwa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Elfu moja iliyokuwa ikileta lita 12 ikawa inaleta lita 4.6 tu. Yamkini magari kadhaa yaliyopelekwa gereji katika miaka hiyo yalikuwa mazima kabisa, na ugonjwa ulikuwa wa shilingi.

Namna ya kuipata kawaida yenyewe haihitaji elimu kubwa. Tangi hujazwa mpaka pampu ijikate, mita ya kilomita husomwa, gari huendeshwa kama lilivyozoea, kisha hujazwa tena kwenye pampu ileile, na kilomita zilizokwendwa hugawanywa kwa lita zilizoingia. Hata hivyo tangi moja halithibitishi kitu, kwa sababu pampu huweza kujikata mapema gari likisimama mahali penye mwinamo, na petroli yenyewe hutanuka kwa takriban asilimia 1 joto lake linapopanda nyuzi 10, jambo lisilo dogo katika nyanda ambazo asubuhi huwa na baridi na adhuhuri huchoma. Mita nayo huweza kusema uongo kwa nia njema. Mitaa mingi ya Kitengela imejengwa juu ya ule udongo mweusi unaovimba na kunata mvua inaponyesha, na wenye magari madogo huyainua na kuyavisha tairi kubwa zaidi ili yasikwame. Tairi ambalo mzingo wake umeongezeka kwa asilimia 5 huzunguka mara chache zaidi katika umbali uleule, na mita, ambayo huhesabu mizunguko tu, hupunguza safari kwa kadiri hiyohiyo, hata gari likaonekana kula zaidi kwa njia ambayo kwa kweli limeipita yote. Mwenye gari humsaka mwizi wa mafuta, kumbe zilizopotea ni kilomita.

Ikiwa ongezeko limepimwa na likaonekana ni la kweli, linafuata swali la namna ya kuchagua sababu miongoni mwa mambo mengi yaliyochangia. Herbert Hart na Tony Honoré, wanasheria wa Oxford, walilishughulikia swali hili katika kitabu chao cha mwaka 1959 kuhusu sababu katika sheria, wakatofautisha sababu na sharti. Sharti ni jambo ambalo lisingekuwapo tokeo lisingetokea, lakini ambalo hakuna anayelilaumu kwa kuwa huwapo siku zote, kama vile hewa ya oksijeni katika nyumba iliyoungua. Sababu ni lile lililotoka nje ya desturi, au kitendo cha mtu kilichofanywa kwa makusudi. Maelezo haya yanaeleweka, ila yana mtego ndani yake, kwa kuwa mwenye kuamua kipi ni desturi ndiye mwenye kuamua nani atalaumiwa. Mtu aliyehama mtaa wa South B jijini Nairobi akajenga Kitengela, kwa mfano, huihesabu barabara yake mpya kuwa sharti, kitu kilichopo tu, naye humhoji dereva aliyemwajiri juu ya mafuta yanayokwisha siku ya nne badala ya ya sita. Hahesabu saa nzima ambayo gari hujikokota asubuhi kutoka Kitengela hadi barabara ya Namanga inapokutana na ile ya Mombasa pale Athi River, ingawa injini ndogo hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa kila saa inayonguruma pasipo gari kwenda. Sababu ipo, na mwenyewe yupo, ila ni yeye aliyenunua kiwanja.

Barabara ya upande wa pili inafundisha kinyume chake. Kutoka Kitengela kupitia Isinya hadi Kajiado njia ni wazi, mbuga ni tambarare, na dereva huona kwamba hapo gari haliwezi kula mafuta kwa kuwa hakuna foleni. Lakini ukinzani wa hewa, yaani nguvu ambayo hewa hulirudishia gari linaloipasua, hukua kwa mraba wa mwendo, kiasi kwamba gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa husukumana na hewa kwa nguvu iliyo karibu mara mbili ya ile ya kilomita 80. Upepo wa nyanda hizo ukivuma kutoka mbele huongezwa juu ya hesabu hiyo. Hewa nayo ni mhusika asiyeitwa kwenye shauri, kwa sababu hakuna anayeweza kumkata mshahara.

Ndani ya gari kwenyewe, ushahidi ni wa namna nyingine. Injini ya petroli huunguza mafuta vizuri inapopata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta, na kompyuta ya gari huilinda nisba hiyo kwa kusikiliza sensa ya oksijeni iliyowekwa kwenye bomba la moshi. Sensa iliyochoka hudanganya kwamba mafuta ni haba, na kompyuta, ikiiamini, huongeza. Thamostati iliyokwama wazi, yaani ile vali inayozuia maji ya kupoza injini yasizunguke kabla ya kupata joto, huifanya injini ibaki baridi, na kompyuta huilisha kama ya alfajiri mchana kutwa. Breki isiyoachia huligeuza gurudumu kuwa jiko, na mkono ukikaribishwa kwenye rimu baada ya safari hulijua mara moja. Taa ya injini inapowaka na kifaa cha kusomea kompyuta kikaitaja sensa ya oksijeni kuhusu mchanganyiko wenye mafuta mengi, wengi huikimbilia sensa na kuitupa, ilhali huenda sensa ndiyo shahidi pekee aliyesema kweli, naye amefungwa kwa kosa aliloliripoti.

Hapa mchango wa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi una manufaa ambayo pengine mwenyewe hakuyakusudia. Katika kazi yake juu ya falsafa ya wahenga, iliyotoka kitabuni mwaka 1990, alitofautisha mhenga anayeihifadhi na kuieleza hekima ya jamii yake vizuri kuliko wengine, na mhenga mwanafalsafa, ambaye huijua hekima hiyohiyo lakini pia huiuliza inasimama juu ya nini. Tofauti hiyo ipo vilevile baina ya mafundi wa jua kali. Fundi wa kwanza husema chujio chafu la hewa hula mafuta, na husema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli: katika injini za kabureta chujio lililoziba lilipunguza hewa huku mafuta yakiendelea kuvutwa. Fundi wa pili hujiuliza kama bado ni kweli katika injini ambayo kompyuta hupima hewa iingiayo na kupunguza mafuta ipasavyo, na jibu, ambalo maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililithibitisha kwa majaribio mwaka 2009, ni kwamba chujio hilo hupunguza nguvu ya gari lakini halibadilishi sana matumizi yake ya mafuta. Katika vumbi la Kitengela chujio linafaa kubadilishwa kwa sababu nyingine, na fundi wa kwanza hastahili dharau. Elimu yake ni halali, ila imepitwa na injini.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliiita njia ya tofauti ile ambayo hali mbili hufananishwa zikiwa sawa katika kila jambo isipokuwa moja, ili tokeo likibadilika lihusishwe na jambo hilo. Gereji nyingi haziwezi kuitumia. Mteja hutaka gari jioni, fundi hubadilisha plagi, huosha nozeli, hutia upepo na kuweka sensa mpya kwa mkupuo mmoja, na gari likitulia hakuna ajuaye ni kipi kilichoponya. Ikiwa shule zimefungwa wiki hiyohiyo na msongamano wa Nairobi umepungua, fundi atasifiwa kwa kazi ya waziri wa elimu. Udhaifu huu aliuona Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, aliposema katika suala la 17 la kitabu chake cha kuwakanusha wanafalsafa kwamba jicho huona mambo mawili yakiandamana na halioni moja likilileta jingine, kwa kuwa uandamanaji huo ni desturi aliyoijaalia Mungu. Ibn Rushd, aliyemjibu baadaye, alishikilia kwamba anayeziondoa sababu huiondoa akili yenyewe. Kwa mwenye gereji Ibn Rushd ndiye mwenye haki, maana asipoamini kwamba breki inayoshika hula mafuta hana kazi ya kufanya. Lakini kwa anayetaka kumshtaki mtu, onyo la al-Ghazali lina uzito zaidi, kwa kuwa mambo mawili yaliyoandamana hayajawa ushahidi.

John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika fikra za jadi baya halitokei kwa bahati tu, bali yupo mtu au ipo nguvu nyuma yake. Maelezo hayo yamepingwa kwa kujumlisha watu wengi mno katika kauli moja, na upinzani huo una msingi, lakini yanaieleza foleni ya pampu vizuri kuliko yanavyoieleza Afrika yote. Mtuhumiwa wa kwanza ni kituo cha mafuta, na tuhuma hiyo haikuzuka hewani: mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli ili kuvuna tofauti ya bei. Mwenye kituo, hata hivyo, ana wakili na ana risiti. Tuhuma isipomshika hushuka hadi kwa asiye na kitu mkononi, naye ni dereva.

Mill alikuwa na njia nyingine, ya mabaki, ambayo huondoa sehemu ya tokeo iliyokwisha kuelezwa na kuinasibisha iliyosalia na sababu iliyosalia. Njia hii ni sahihi pale tu orodha ya sababu inapokuwa kamili, na ya mwenye gari haiwi kamili kamwe, hivi kwamba dereva hubaki na mzigo kwa kuwa majina mengine yamekwisha, si kwa kuwa ameonekana akifyonza. Wanafiqhi wa Kiislamu wana kanuni ya istishabu, yaani kuiacha hali iliyojulikana isimame mpaka upatikane ushahidi wa kuigeuza, ambayo huanzia kwenye usafi wa mtu na kumtwika anayedai mzigo wa kuthibitisha. Amri ya Biblia ya kutomshuhudia jirani uongo huelekea upande huohuo. Kanuni hizi hazimkatazi mwajiri kuchunguza. Zinampangia utaratibu, kwa sababu plagi ikifunguliwa na kurudishwa haiaibiki, ilhali dereva akiondolewa kazini ili kuona kama mafuta yatapungua ameshaadhibiwa na jaribio lenyewe. Yatangulie basi majaribio yasiyomgusa mtu: pampu nyingine, tairi za kipimo cha awali, njia ya Kajiado ikipimwa peke yake na ya Nairobi peke yake. Lililo bora kuliko yote ni mwenye gari kuliendesha mwenyewe kwa matangi kadhaa, njia ileile na saa zilezile, lakini ni nadra kufanyika, kwa kuwa humtaka aamke saa kumi alfajiri na kuyasubiri malori Athi River.