Nani Aliyemwibia Mvuvi?

Amri ya saba tulifundishwa sote tungali wadogo: Usiibe. Tunamjua mwizi wa mbuzi na mwizi wa muhogo. Leo nataka tumfikirie mwizi mwingine, ambaye aliyeibiwa hajui hata kwamba ameibiwa.

Hapa Kamina samaki tunaokula na bukari wengi hutoka upande wa Bukama, katika mto Lualaba na maziwa ya Upemba. Mto huo huo, huko juu, hupita karibu na migodi ya Kolwezi. Mto Lufira nao, unaoingia Lualaba, hupokea maji ya kijito cha Panda yatokayo Likasi, penye mitambo ya shaba. Ukuta wa Mwadingusha umeuzuia Lufira ukawa ziwa Tshangalele, na wataalamu waliopima samaki wa ziwa hilo walikuta shaba, kobalti na kadimi mwilini mwao.

Shaba kidogo mwili unaihitaji. Ikizidi ni sumu. Huharibu matamvua, yale mekundu ambayo samaki hupumulia, na chumvi ya damu yake hupotea. Samaki mkubwa aweza kuvumilia. Kitoto kilichoanguliwa jana hakiwezi. Wanaobaki hutumia nguvu zao kupigana na sumu, hivyo hudumaa.

Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi katika nchi ya Zambia, ukuta wa bwawa la taka za mgodi ulibomoka, maji makali yakaingia mto Kafue. Samaki walielea wamekufa, mji wa Kitwe ukafungiwa maji, na dunia yote ikasikia. Lakini kitoto kilichokufa kabla ya kukua hakielei mbele ya macho ya mtu.

Mvuvi huona tu kwamba wavu wake ni mwepesi. Atasema umezeeka. Au atasema jirani amemloga, na mashauri ya namna hiyo nimeyasikia zaidi ya mara moja. Basi asiye na hatia hubebeshwa mzigo, na mwizi hulala usingizi wake.

Mtu atanijibu: wavuvi wenyewe huvua vitoto kwa vyandarua vya mbu. Ni kweli, na ni kosa. Lakini chandarua huonekana, na mwenyewe aweza kuonywa na wazee. Mwingine atasema: shaba hulisha watu. Hilo pia ni kweli. Karo ya watoto wengi hapa parokiani hutoka mgodini. Sisemi migodi ifungwe. Ila hatujawahi kumsamehe mwizi wa mbuzi kurudisha mbuzi kwa sababu ana watoto.

Na hapo ndipo penye ugumu. Seminarini tulifundishwa kwamba anayetubu wizi sharti arudishe mali, la sivyo toba yake haijatimia. Mbuzi hurudishwa. Samaki ambaye hakukua atarudishwaje, na kwa nani? Kwa mvuvi wa Kinkondja, au kwa mama anayeuza samaki wakavu sokoni kwetu?

Mimi naona deni la kwanza ni ukweli. Wenye mitambo na serikali wapime maji, tena waitangaze hesabu hiyo pale pale Bukama, kwa lugha ya watu, kabla mvuvi hajaenda kwa mganga kuuliza jina la mchawi.