Kidonda Kina Wenyewe

Wajukuu zangu wa Sigino, kila nikikaa barazani nawaona mkishuka kwenye bodaboda kutoka Babati mjini, na kwenye shavu la mguu kuna lile doa la ekzosi. Kwa wengine bado ni bichi, kwa wengine limeshakuwa kovu jeusi linalong'aa. Kuungua ni ajali. Kinachonisumbua ni mnachokipaka juu yake: dawa ya meno, majivu ya jikoni, ute wa yai, mafuta ya kula. Na aliyejikata na panga shambani kwenye mbaazi, nimeona akipakwa hata samadi. Nimefunga vidonda vya watu tangu nikiwa muuguzi kijana hadi nilipostaafu, kwa hiyo nisikilizeni.

Kidonda kina wenyewe. Ndani ya damu yenu zimo chembe nyeupe, na jeraha likitokea zinaenda hata kama mwenye mwili amelala. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichukua watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao inapenya mwanga, akawachoma miiba ya waridi. Asubuhi yake, alipotazama kwa hadubini, alikuta chembe zimetembea zenyewe hadi kwenye mwiba na kuuzingira. Utafiti wake juu ya chembe hizo ndio uliomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Ninyi mliochunga ng'ombe chini ya migunga mnaujua mwiba. Ule uvimbe wa moto unaopwita siku ya pili ni dalili kwamba chembe zimeshafika.

Zinakuja kwa zamu, kama watu wa msaragambo. Damu ikishaganda, ndani ya saa chache huingia neutrofili, zinameza vijidudu, kisha zinakufa. Usaha mnaouona kwa sehemu kubwa ni mizoga yake. Kuanzia siku ya pili au ya tatu huongezeka makrofeji, na hizi ndizo ninazoziombea heshima. Zinakula vijidudu vilivyobaki, zinakula neutrofili zilizokufa, halafu zinabadilika tabia. Zilizokuwa za vita zinageuka kuwa za ujenzi, zinaita mishipa mipya ya damu na chembe zile zinazofuma kolajeni, ambayo ndiyo nyuzi za kovu. Mwaka 1975 watafiti Leibovich na Ross walipunguza makrofeji katika miili ya simbilisi. Vidonda vikabaki na uchafu wake, na ujenzi ukachelewa.

Sasa tuje kwenye majivu. Mmewaona bibi zetu wa Kibarbaig sokoni Babati, wenye makovu yaliyopangwa kwa ustadi kuzunguka macho. Katika jamii nyingi za Afrika zilizochanja ngozi kwa urembo, fundi aliyetaka kovu liinuke alisugua majivu au masizi kwenye chale. Mafundi hao hawakuwa na hadubini, ila macho yao yaliona kweli: kitu kigeni kikikaa kidondani, chembe za vita haziondoki, na kadiri zinavyokaa ndivyo kolajeni inavyozidi kumiminwa. Mtoto aliye tumboni akijeruhiwa kabla ya takriban wiki ya 24 hupona bila kovu, na sababu mojawapo ni kwamba ghasia ya chembe hizo bado ni ndogo kwake. Basi wewe unayepaka majivu kwenye doa la ekzosi unajichanja, tena bila fundi.

Samadi ni balaa jingine. Kwenye udongo na kinyesi cha wanyama ndimo vinamokaa vijidudu vya pepopunda. Ukikatwa na kitu kichafu, nenda zahanati siku hiyohiyo ukaulizie chanjo.

Ukiungua, weka mguu kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama ni ya kumiminwa kwa kata kutoka kwenye ndoo. Barafu usiweke. Mkwaruzo wa kawaida uoshe kwa maji safi na sabuni, kisha ufunike. Najua mnaambiana kidonda kinataka hewa ili kikauke. Mwaka 1962 George Winter aliwajeruhi nguruwe kidogo, vidonda vingine akavifunika vibaki na unyevu, vingine akaviacha wazi. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili, maana chembe za ngozi hutambaa vizuri penye unyevu. Spiriti kila asubuhi inaua vijidudu, na chembe zenu pia inaziua. Kigaga msikibandue. Kovu linakomaa kwa mwaka mzima au zaidi, na hata likikomaa nguvu yake haivuki asilimia 80 hivi ya ngozi ya awali, kwa hiyo msilitese likiwa changa.

Na kidonda cha mguuni kikikaa wiki nne bila dalili ya kufunga, kapime sukari. Kwa mwenye kisukari makrofeji hukwama katika ile hali ya vita, ujenzi ukakosa wa kuuanzisha.

Mabinti, na ninyi vijana mnaotoboa masikio siku hizi, hili ni lenu. Sisi Waafrika tunapata keloidi kuliko Wazungu, hasa kati ya miaka 10 na 30, masikioni, kifuani na mabegani. Kovu lililovimba kawaida hubaki ndani ya mpaka wa jeraha. Keloidi huvuka mpaka, inawasha, inauma, na ndani yake chembe za kinga zinaendelea kuchochea kolajeni wakati jeraha lilishafunga zamani. Asije mtu akakukatia kwa wembe. Ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na pengine kubwa kuliko ya kwanza. Iko sindano ya triamsinoloni inayochomwa ndani ya kovu lenyewe ili kuzituliza chembe hizo, na pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Kama mama yako au kaka yako anayo keloidi, usitoboe tundu la pili kwa kufuata wenzako. Na kama kinundu kimeshaanza kuwasha, usingoje mavuno yaishe. Nenda kikiwa bado kidogo, ndipo sindano inapokiweza.