Asili na Ukweli: Juu ya Kuandika Mabadiliko ya Land Rover za Zamani

Kila kitu kinachodumu hubadilika, na kila kinachobadilika humlazimisha binadamu aamue kama ni kile kile cha jana au ni kingine. Swali hili ni la kale. Limeulizwa juu ya mtu, juu ya lugha na juu ya taifa. Katika makala haya nakusudia kuliuliza juu ya gari, tena gari la mizigo: pikapu ya Land Rover ya kati ya mwaka 1948 na 1985, iliyobeba mbegu, maiti, walimu, chanjo na masanduku ya kura katika barabara zetu za vumbi na matope. Msomaji asidhani kuwa nimeacha jambo kubwa nikashika dogo. Uadilifu wa watu hupimwa vyema zaidi katika vitu ambavyo hakuna anayewatazama wakivitenda.

Wapo watu, hapa kwetu na katika nchi za mbali, wanaotumia saa zao za mapumziko kuandika mabadiliko ya magari haya mwaka hata mwaka: taa zilihamishwa lini, bawaba za milango zilibadilishwa lini, injini ipi ilifungwa katika chesisi ipi. Wengine huwacheka, wakisema kuwa hiyo ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Mimi nasema kuwa ni kazi ya uadilifu. Lakini nasema pia kuwa wengi wa wanaoifanya huikomesha nusu ya njia, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi zaidi.

Kwanza tuutazame ukweli wenyewe. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Iliundwa na kampuni ya Rover katika kiwanda cha Solihull, Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na chuma kilikuwa adimu, kikigawiwa kwa kibali; alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mwili wa gari ukafanywa kwa bati la alumini, juu ya chesisi ya chuma. Umbali kati ya ekseli zake ulikuwa inchi 80, injini yake ya petroli ilikuwa ya lita 1.6, na taa zake kubwa zilikaa nyuma ya wavu wa mbele, kama macho ya mtu aliyejifunika shela. Baada ya miaka miwili hivi wavu ulitobolewa, taa zikatokeza. Modeli ya 1952 ilipata injini ya lita 2. Modeli ya 1954 iliongeza umbali wa ekseli ukawa inchi 86, na hapo ndipo ilipozaliwa pikapu ndefu ya inchi 107. Vipimo hivyo navyo havikudumu. Kwa modeli ya 1957 vilikuwa 88 na 109, maana inchi mbili ziliongezwa mbele ili injini ya dizeli iliyokuwa ikitayarishwa ipate nafasi.

Mwaka 1958 ikaja Series II, yenye mbavu zilizoviringana mabegani na injini ya petroli ya lita 2.25. Mwaka 1961 ikafuata Series IIA. Kati ya 1968 na 1969 taa kubwa zilihama kutoka katikati zikaenda kwenye madigadi, kwa kuwa sheria za baadhi ya nchi zilidai hivyo. Mwaka 1971 ikaja Series III. Wavu wa chuma, ambao watu wa porini waliwahi kuung'oa na kuchomea nyama, ukawa wa plastiki. Mita za mwendo na mafuta, zilizokuwa katikati ya dashibodi, zikahamia mbele ya dereva. Giaboksi, ambayo zamani ilikuwa laini katika gia ya tatu na ya nne tu, ikawa laini katika gia zote za mbele. Mwaka 1980 krenki ya injini ya lita 2.25 ikaanza kushikwa na beringi kuu tano badala ya tatu. Series III ilikoma mwaka 1985. Katika muda huo wote jina lililobandikwa mbele lilibaki moja: Land Rover.

Hapa ndipo matatizo yanapoanza, kwa kuwa jina moja limefunika vitu vingi. Mtu akiulizwa, "Gari hili ni la mwaka gani?" huenda akawa na majibu matatu, yote ya kweli. Upo mwaka wa modeli, ambao kiwandani huanza miezi kadhaa kabla ya Januari. Upo mwaka ambao gari lilitoka kiwandani. Tena upo mwaka lilipoandikishwa huku, baada ya kuvuka bahari na kungoja bandarini. Katika miaka ya 1970 na 1980 Land Rover ziliunganishwa pia Thika, nchini Kenya, kutokana na vipande vilivyofungwa masandukuni Uingereza. Basi siku ya kufunga sanduku si siku ya kuunganisha gari. Zaidi ya hayo, kiwanda hakikubadilisha vipande usiku wa kuamkia mwaka mpya. Vipande vya zamani vilitumika hata vikaisha, ndipo vipya vikaanza. Ndiyo sababu vitabu vya vipuri havisemi "mwaka fulani" pekee, bali husema: mpaka chesisi namba hii tumia kipande hiki, kuanzia namba ile tumia kile. Mtungaji wa kitabu cha namna hiyo ametufundisha adabu ya ushahidi: asema anachokijua, kwa kiasi anachokijua, na huonyesha mpaka wake.

Je, ni nani anayedhurika mpaka huo usipoandikwa? Tusiende mbali. Land Rover fupi ya inchi 88 ina drami za breki za inchi 10. Ndefu ya inchi 109 ina za inchi 11. Kijana aliyetumwa dukani kununua "viatu vya breki vya Land Rover", bila neno zaidi, aweza kurudi na kitu kisichoingia. Na fundi mwenye haraka aweza kukilazimisha kiingie. Tena magari ya zamani yalifungwa upande chanya wa betri kwenye mwili wa gari. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 mtindo ukageuka, ukafungwa upande hasi. Afungaye redio au altaneta bila kuuliza ataunguza mali ya mwenziwe. Vivyo hivyo, krenki ya beringi tatu haikai mahali pa krenki ya beringi tano. Na sokoni, muuzaji aweza kusema kuwa gari ni la 1958, kumbe chesisi ni ya mwaka mwingine, mwili ni wa mwingine, na kibati cha namba kimetoka kwenye gari la tatu. Kwa hiyo orodha ya mabadiliko ni amana. Humlinda mnunuzi asidhulumiwe, humlinda fundi asisingiziwe, na humlinda apitaye njia.

Pengine msomaji atasema: nchi yenye haja ya maji, dawa na madawati haina nafasi ya kuandika historia ya bawaba. Hoja hii ina heshima yake, wala siidharau. Lakini nchi isiyo na mali nyingi ndiyo hasa inayotumia kitu kimoja kwa miaka mingi. Tajiri akishindwa kukijua kipande hununua gari jipya. Maskini akishindwa hukaa na gari bovu. Elimu ya vitu vikuukuu ni mali ya wale wasioweza kuvitupa.

Sasa nije kwenye ile nusu iliyoachwa. Waandishi wengi wa mabadiliko haya huandika alichofanya mhandisi wa Solihull, kisha huweka kalamu chini. Yaliyotokea baada ya gari kutoka langoni mwa kiwanda huyaita kwa neno moja: uharibifu. Hapo mimi siafikiani nao.

Tukumbuke mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Bei ya mafuta ilipanda duniani, tulipigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vikawa vya kutafutwa kwa taa. Magari hayakusimama yote. Mafundi wa Gerezani na wa kila mji mdogo walikata gasketi kwa maboksi magumu, wakachonga bushi kwa mpira wa matairi yaliyokwisha, wakapasha moto na kukata springi za malori zikae kwenye pikapu, wakaziba alumini iliyopasuka kwa viraka na ribiti. Na mwili wa gari ulipokataa kabisa, alumini yake iliyeyushwa ikawa sufuria. Yaelekea wako waliokula ugali uliosongwa ndani ya kilichokuwa mlango wa Land Rover.

Nauliza basi: kuna tofauti gani ya kimaadili kati ya mhandisi aliyetumia alumini kwa kukosa chuma na fundi aliyetumia tairi kwa kukosa bushi? Wote wawili walibanwa na uhaba, na wote wawili walitumia akili na mkono. Ni kweli kwamba mmoja alikuwa na mashine na vipimo, na mwenziwe alikuwa na tindo na jicho. Lakini hiyo ni tofauti ya zana. Kilichoufanya uamuzi wa kwanza uitwe historia, na wa pili uitwe uharibifu, ni kwamba wa kwanza uliandikwa na wa pili haukuandikwa.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tunaipenda sana tunapozungumza juu ya utamaduni, na ni haki tuipende. Lakini hapana budi tujiulize asili ni nini. Wako wamiliki wanaotaka gari lirudishwe kama lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani: kiraka king'olewe, springi ya lori itupwe, rangi irejee ile ya kwanza. Wengine hutaka liachwe na makovu yake. Sitamwamuru mwenye mali. Nasema tu kwamba asili na ukweli ni mambo mawili. Asili ya gari hilo ni Solihull. Ukweli wake ni Solihull pamoja na miaka hamsini ya Dodoma, Songea au Kigoma. Anayeirudisha asili kwa kuufuta ukweli, tena bila kuandika alichofuta, ametengeneza gari zuri lenye kusema uwongo. Lakini aking'oa kiraka, akakipiga picha, akaandika mwaka, mahali na jina la fundi aliyekitia, hakumdhulumu mtu.

Wala nisieleweke kuwa nasifu kila kilichotendwa gereji. Wapo waliochomelea chesisi iliyopasuka bila kuitia nguvu, ikapasuka tena kando ya kovu. Wapo walioziba bomba la breki la gurudumu moja, wakaliacha gari lishikwe na matatu. Hayo nayo yaandikwe, na yaandikwe kwa majina yake. Kuandika si kusifu. Daftari linaloficha makosa ya ndugu zetu halina heshima zaidi ya lile linaloficha akili zao.

Jambo hili si geni kwetu. Katika pwani yetu walikuwako wanakili wa tenzi, waliozinakili kwa herufi za Kiarabu, mkono hadi mkono. Mikononi mwao maneno yalibadilika: neno la kale lilipisha jipya, beti ziliongezeka au kupungua. Lakini mnakili mwaminifu alitia jina lake na tarehe mwishoni mwa kazi. Kwa sababu hiyo leo twaweza kuweka nakila mbili ubavuni na kusema: hapa pamebadilika, na aliyebadilisha ni fulani. Hatumwiti mharibifu, twamwita shahidi. Fundi wa magari anastahili nafasi hiyo hiyo, naye anapaswa kubeba wajibu huo huo.

Mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover nyingi za kila umri zilikusanyika Arusha kwa tamasha lake, na watu wakafurahi kuziona zikipita. Furaha hiyo ni njema. Hata hivyo gari likipita huonyesha umbo lake tu. Nani alilifufua, kwa kipande gani na kwa nini, ni mambo yaliyomo vichwani mwa wazee wa gereji, na vichwa hivyo vinapungua kila mwaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nashauri jambo dogo linalowezekana. Vijana katika vyuo vyetu vya ufundi wafundishwe kuandika kama wanavyofundishwa kulehemu. Kila gari kuukuu liwe na daftari lake, lenye kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja kilichobadilishwa na kiwanda, upande wa pili kilichobadilishwa na sisi. Wenye magari wasione haya juu ya ukurasa wa pili. Na ofisi zinazouza magari yaliyochakaa kwa mnada zisiuze chuma na kutupa karatasi, maana anayenunua gari lisilo na habari zake hununua nusu ya gari.

Taifa nalo hubadilika vipande vyake huku likibaki na jina moja. Watakaokuja baada yetu hawatatulaumu kwa kuwa tulibadilisha. Watatulaumu ikiwa tulibadilisha kisha tukanyamaza.