Msiuze Roho kwa Kangomba

Ndugu zangu wa Msimbati, wa Madimba, wa Kitaya, na nyote mnaoishi kando ya mto Ruvuma.

Juzi baada ya swala ya alasiri niliwakuta vijana watano chini ya mkorosho, wamekizunguka kitabu kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wanne wanasikiliza. Ilikuwa riwaya ya kijasusi ya Elvis Musiba, jalada limebanduka, kurasa za mwisho hazipo. Msomaji alipofika pale kitabu kilipokatikia, risasi bado zinalia, yule mdogo wao akaniuliza: "Shehe, hao wote wanaouawa na Willy Gamba, nani anawazika?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, na swali lile nimelala nalo mpaka leo.

Sikuja kuharamisha riwaya. Musiba na Ben Mtobwa waliandika zama ambazo Makaburu walikuwa wanaitesa kusini mwa Afrika yetu, na msomaji alijua adui ni nani. Sisi wa Mtwara tuliijua vita ya ukombozi bila kitabu. Tarehe 25 Septemba 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO walipoanza kupigana kule Cabo Delgado, Msumbiji, huku kwetu ndiko kulikuwa uani kwao. Waliovuka na majeraha, wazee wetu waligawana nao muhogo, hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Someni, wanangu. Lakini msimtazame shujaa peke yake. Mtazameni yule mtu mdogo asiyekosekana katika hadithi za kijasusi: bawabu anayeacha geti wazi, karani anayetoa siri. Huyo amenunuliwa. Na hakununuliwa siku aliyoshiba. Alinunuliwa siku kodi ya nyumba imemshinda na mtoto anaumwa. Bei yake ni ndogo, na mara nyingi anayemuua ni yule yule aliyemnunua.

Biashara hiyo sisi tunaijua kwa jina. Ni kangomba.

Nani hapa hajaiona? Msimu haujafika, korosho bado ziko juu ya mti, ndani hakuna unga. Mnunuzi anakuja jioni na kopo lake, anatoa hela za mbele. Msimu ukifika, analitikisa kopo ili korosho zishuke, anajaza tena, anatikisa tena, anaweka kichuguu juu, halafu anaita hiyo kilo. Mkulima anaona kwa macho yake kwamba anaibiwa, na bado anasema asante, kwa sababu zile hela za mbele zilishaliwa. Huyo mnunuzi hakuileta njaa. Aliivizia.

Basi jueni kwamba na vita ina kangomba yake. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji wanaodai kupigania dini walishambulia Mocímboa da Praia, kule Msumbiji. Oktoba 2020 wakavuka mto wakaichoma Kitaya, ardhi yetu, na kuua watu. Machi 2021 wakaingia Palma. Na katika makundi hayo wamo vijana waliotoka upande huu, waliofuatwa usiku kama inavyofuatwa korosho kabla ya msimu: chukua hizi za kuanzia, huko kuna mtaji, huko kuna mke, huko kuna pepo. Kopo linatikiswa, linajazwa tena. Kijana anatoa umri wake wote, anapewa simu na nauli.

Wanasema wanapigania dini. Waongo! Dini gani inachoma kibanda cha makuti cha mjane? Dini gani inamchinja mvuvi Muislamu kisha inapiga takbiri? Mwenyezi Mungu ameiharamisha damu ya asiye na hatia, na hakumwachia mtu yeyote mlango wa uani wa kuihalalisha.

Wanasema wanapigania maskini. Aprili 2021, baada ya Palma, kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha mradi wake wa gesi kule Afungi. Kijana wa Palma aliyekuwa anasubiri kazi akakosa kazi na akakosa kwao. Huo ndio utetezi wao wa maskini.

Wala sisemi kwamba hatuna uchungu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na mwaka 2015 ikafika Dar es Salaam kwa bomba. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipopaza sauti kwamba gesi haitoki, moshi ulitanda, wanajeshi wakaletwa, na watu walikufa. Mwaka 2018 wanunuzi waliposhusha bei ya korosho, serikali ilizinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumwa kuzibeba, na wako wakulima waliosubiri malipo yao kwa miezi. Uchungu huu una haki ndani yake. Lakini tunzeni uchungu wenu, msimpe mnunuzi! Idaini haki hiyo mchana, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye chama cha msingi, kwenye sanduku la kura, mahakamani. Madai yanayohitaji giza na mtumbwi si madai tena.

Na wewe mwenye kopo, unayekaa safu ya kwanza msikitini, nawe nakuhubiria. Ulipomnunua jirani yako akiwa na njaa, ulimfundisha mwanawe somo moja: kwamba shida ikibana, kila kitu kina bei. Mnunuzi wa ng'ambo alipokuja, alimkuta ameshafundishwa. Tubu, urudishe haki ya watu.

Nanyi mlioshika madaraka: mlipeni mkulima kwa wakati, na msimgeuze kila kijana mwenye kanzu kuwa mshukiwa. Mnayemdhalilisha leo, kesho anauzwa kwa bei rahisi zaidi. Na mama anayevuka na mtoto mgongoni akikimbia visu, mpokeeni. Mwaka 2021 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lililalamika kwamba maelfu ya wakimbizi walirudishwa kule walikokimbia. Wazee wetu waliogawa muhogo wangeona haya.

Sasa nimjibu yule mdogo. Mwanangu, katika riwaya hawazikwi na mtu, mwandishi anafungua ukurasa mwingine. Kitaya walizikwa na jirani zao. Waliinuliwa kwa mikono, wakaoshwa, wakatafutiwa sanda, na kila mmoja aliitwa kwa jina lake na la baba yake. Wanaozika ni sisi.

Kwa hiyo siku atakapokujia mtu na kopo lake, usibishane naye bei. Mwambie roho hii ni amana, mwenyewe ataiulizia, na amana haiuzwi. Kisha rudi nyumbani, umwamshe baba yako, umwambie nani amekuja.

Ee Mola, tushibishe kwa halali, utufishe bila deni la damu ya mtu. Amiin.