Ufunguo wa Mzee ni wa Nani?

Ndugu msomaji, hebu nijibu swali moja kabla hujafungua ukurasa mwingine: kumnyang'anya mzee ufunguo wa gari ni kumheshimu, au ni kumzika angali hai?

Nauliza kwa sababu mjomba wangu, mtu mzima wa miaka 71, bado anaendesha pikapu yake toka Handeni hadi Korogwe, kilomita 65 hivi, kupeleka mahindi. Vijana wa kitaa wanasema, "Mdingi apumzike bwana! Mtumishi wa serikali anastaafishwa na miaka 60, dereva je?"

Hoja yao ina uzito. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Taa za lori zikimpiga usoni, huchelewa kuona tena. Na yule mama anayevuka barabara pale Segera hakutia sahihi popote kwamba afe ili heshima ya mjomba wangu idumu.

Lakini ngoja kwanza. Februari 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa ikisafirisha msiba iligongana na Fuso. Watu wasiopungua 17 walikufa. Viongozi wa mkoa walitaja mwendo kasi na kupita gari jingine bila hadhari. Makosa hayo hayangoji mtu aote mvi.

Ndiyo maana mimi nasema tupime macho, tusihesabu miaka. Japani, tangu 2009, dereva wa miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu anapotaka kuendelea na leseni. Hanyang'anywi kwa sababu ni mzee, anapimwa. Huo ndio uungwana.

Je, akishindwa kipimo? Hapo asiendeshe, hata kama ni mjomba wangu. Ila tukichukua ufunguo tukaondoka zetu, tumemfunga jela bila kosa. Nani atampeleka hospitali? Nani atafikisha mahindi Korogwe? Anayechukua ufunguo achukue na zamu ya kuendesha. Heshima ya shikamoo peke yake haimfikishi mtu sokoni.

Halafu barabara nayo ipimwe. Mstari mweupe uliofutika, kona isiyo na kibao kinachong'aa usiku, tuta lisilopakwa rangi: hayo humtesa mzee kwanza, kisha yanamuua kijana. Na sisi wenye macho makali, tunaogoma kupunguza taa tunapopishana, si ndio tunaompofusha? Eti baadaye tunasema mzee haoni!

Tukijaliwa umri, sote tutaendesha kwa macho yale. Basi kama ni mzee wako, ungeanza na lipi: ufunguo, au barabara?