Gari Lisilo na Moshi

Gari la umeme halitoi moshi wala halingurumi. Mwenyewe hujiona ametakasika. Lakini kutoonekana kwa moshi si kutokuwapo kwa lawama. Umeme wa Unguja huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na sehemu yake huzalishwa kwa gesi. Kobalti ya betri nyingi hutoka Kongo, pande za Kolwezi, ambako wapo waichimbao kwa mikono, nao husema Kiswahili kama sisi.

Basi turejee kwenye petroli? La hasha. Petroli ikiungua imekwenda. Madini ya betri yaweza kutumika tena. La umeme ni bora, ila ubora si usafi. Aliendeshaye ana deni kwa mikono asiyoiona, na dawa ya deni ni kulipa: amdaie mchimbaji ujira wa haki kabla hajajisifu.