Hatia ya Punje Moja

Sheria humhukumu mtu anayejulikana kwa tendo linaloonekana. Mwizi wa mbuzi hukamatwa na mbuzi wake. Je, kosa lililogawanyika punje punje mikononi mwa mamilioni ya watu ni la nani?

Nauliza kwa sababu ya samaki wa Mwanza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wataalamu walinunua sokoni sangara 20 na sato 20 wa Ziwa Victoria, wakawapasua. Kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Chembe za namna hii, zisizozidi milimita 5, hutokana na mifuko na chupa zilizovunjikavunjika kwa jua, nyavu chakavu, hata nyuzi za nguo za poliesta tunazofua. Sangara na sato tunawatoa matumbo kabla ya kupika. Dagaa je? Huyo tunamla mzima.

Mtu atasema, "Mfuko wangu mmoja haujazi ziwa." Ni kweli. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakichagui: hujaa unga, hujaa na sumu.

Mwingine atasema kwamba madhara yake kwa binadamu bado yanachunguzwa. Nakubali. Ila kuna makosa yanayorekebishika na mengine yasiyorekebishika. Chembe ikishaingia katika ziwa la kilomita za mraba 68,800, hakuna chujio la kuitoa. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika jambo la namna hiyo, kungoja uthibitisho kamili nako ni kuamua.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi: mama anayefungia maandazi katika nailoni atalinganishwaje na mwenye kiwanda? Hawalingani. Wajibu hupimwa kwa uwezo wa kuchagua, na mwenye kiwanda ana chaguo nyingi kuliko mama yule. Hata hivyo, uwezo mdogo si sawa na kutokuwa na uwezo kabisa.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, uwanja ukikutwa mchafu kila mwanafunzi alijibu, "Si mimi, mwalimu." Na karibu kila mmoja alisema kweli kwa kiasi chake, maana alitupa ganda moja tu. Niliwaagiza wote waokote. Sikuwahesabu wote kuwa wakosaji. Uwanja ulikuwa wa wote. Hapo ndipo ninapotenga hatia na wajibu. Hatia huuliza nani alitupa. Wajibu huuliza nani anautumia uwanja.

Tofauti ni kwamba ziwa haliokoteki kama uwanja. Basi wajibu wetu lazima utangulie kutupa, hata kununua. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na watu walizoea upesi kuliko ilivyodhaniwa. Lakini mingi ya mifuko mbadala nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Sheria iliufikia mfuko, haikuifikia desturi ya kutumia na kutupa.

Desturi hiyo haina mwenyewe wa kupelekwa mahakamani. Ina sisi tu, kila mmoja na punje yake, na watoto wetu wanaongojea dagaa mezani.